Chai Aliyokunywa Mwalimu

Mama yangu alianza shule akiwa ameshamzika mume na kumwoza binti. Binti mwenyewe ndiye mimi. Utotoni mwake baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na watoto wachache, na ng'ombe hawajui kalenda ya shule, kwa hiyo yeye alichunga na wadogo zake wakasoma. Hakuwahi kulisema hilo kwa uchungu mbele yangu. Ila kila alipopewa karatasi zahanati, aliishika kwa ncha za vidole kama kitu cha mtu mwingine, kisha ananipa mimi.

Darasa la watu wazima lilipoletwa kijijini kwetu, huko milimani juu ya Mbulu, wengi walidhani ni mambo ya kupita. Halmashauri ilitoa fedha, shule ya msingi ikatoa chumba baada ya watoto kurudi nyumbani, na mwalimu akaletwa. Walianza na kusoma na kuandika, wakaja kwenye uraia, wakamalizia na cherehani. Mwisho wa mafunzo angekuja mkaguzi kutoka wilayani, na kila mwanafunzi angekata na kushona sketi ya shule, ile ya marinda, mbele ya macho yake. Atakayefaulu angepata cheti, na wahitimu wangekabidhiwa vile vyerehani wakafanyie kazi nyumbani, maana shule zote za kata zinahitaji sare. Mama alikitaka cheti kile. Nilikuwa nimemfahamu maisha yangu yote na sikuwahi kumwona akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Mwalimu alikuwa mtu wa pwani ya kusini, Mwislamu mpole, aliyevaa masweta mawili na kulalamika kwamba baridi yetu ina meno. Alikuwa mdogo kuliko wanafunzi wake wengi. Kila siku kabla ya kushika chaki aliwaamkia shikamoo, nao wanaitikia marahaba kwa pamoja, ndipo anaanza kuwakosoa. Kwa jambo hilo tu walimpenda. Walisema serikali safari hii imeleta mtu aliyelelewa.

Uraia ndio uliomharibu mama, kwa maneno ya mwenyekiti wa kijiji. Walifundishwa kwamba mapato na matumizi ya kijiji yabandikwe ubaoni, na kwamba mwananchi ana haki ya kuyasoma na kuuliza. Mama akaenda mkutanoni, akasimama mbele ya ubao, akasoma tangazo lote kwa sauti, silabi kwa silabi, watu wakingoja kama wanavyongoja mtoto avuke mto. Alipomaliza akageuka. "Mwenyekiti, shikamoo. Hapa pameandikwa choo cha zahanati kimekamilika. Mimi jana nilikitafuta." Mkutano ulicheka mpaka ukavunjika. Mwenyekiti naye alicheka, hakuwa na la kufanya. Choo kilijengwa kabla ya mvua.

Dawati moja na mama alikaa jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, mwanamke wa rika langu. Walitumia cherehani kimoja kwa zamu, mama akiwa na mkono mwepesi na jirani akiwa na jicho la vipimo. Aliyekosea alifumuliwa kazi yake na mwenzake bila huruma. Jirani huyo alikuwa ameshapoteza mimba mbili. Nilipokuja kwa mama na tumbo langu, kwa sababu mume wangu ni dereva wa malori na sikutaka kujifungulia Arusha peke yangu, nilimkuta naye ana mimba changa. Alikuwa ananitazama tumbo kwa namna ya mtu anayetazama gari lililotangulia kwenye barabara ya utelezi, kuona kama litapanda.

Halikupanda. Mtoto wangu alizaliwa hospitalini Mbulu akiwa ameshakufa. Alikuwa wa kiume. Muuguzi alinieleza kwa upole mambo ya kondo la nyuma, na nilimwelewa, nimesoma mpaka kidato cha nne. Kuelewa hakukunisaidia kitu. Siku zilizofuata maziwa yalikuja kwa wakati wake kama mgeni ambaye hakuambiwa kwamba sherehe imeahirishwa, nikawa nayakamua chini, nyuma ya zizi, nikilia kwa hasira.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya ng'ombe. Bodaboda walikuwapo stendi, lakini mama hakumwita hata mmoja. Alibeba mfuko wangu akatangulia, tukazunguka nyuma ya mashamba ya vitunguu swaumu ili tusikutane na mtu. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kukaa chini, na bado nilijua kwa nini tunazunguka. Kwetu, mtoto akifia tumboni, nyumba nzima inaingia katika hali tunayoiita metimani. Hakuna anayekufungia kwa kufuli. Unajifungia mwenyewe. Huingii nyumba ya mtu wala mtu haingii kwako, ng'ombe wako hawachangamani na wa wengine, maji unachota mahali pako, na mkusanyiko wowote unaupisha, mpaka wazee waone muda umetosha na mtolewe. Anayeogopewa zaidi kuwa karibu nanyi ni mwanamke mjamzito. Mtu akikuambia Wakristo wa kwetu wameacha haya, mwulize ana muda gani hajapanda mlima.

Mchungaji alikuja. Ni mzaliwa wa pale pale. Alisimama nje ya uzio akatuambia kwa sauti kubwa kwamba mbele za Mungu hakuna unajisi wa namna hiyo, damu ya Yesu imemaliza yote. Kisha akatuombea akiwa huko huko nje, akaenda zake. Sikujua nicheke au nimrushie jiwe. Mama alisema amina.

Ila simu ilisalimika. Wazee walipoweka mwiko huu hapakuwa na simu, basi hakuna aliyewahi kuikataza. Mama alikuwa na kitochi cha vitufe, na meseji ya kwanza aliyowahi kuisoma mwenyewe, bila kunipa mimi, ilitoka kwa jirani wa ng'ambo. Ilisema: Pole mama, mwambie pole. Aliisoma kimya, midomo ikicheza, halafu akanisomea kwa sauti. Jirani alipiga kila jioni darasa likiisha na kumweleza yaliyofundishwa, jinsi ya kukunja marinda, upana wake, namna ya kuyabana kiunoni. Mama alichora kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni. Mtihani ulikuwa haujafika. Alikuwa bado anahesabu kwamba pengine wazee wangetutoa mapema, kwa sababu mimi ni wa ukoo wa mume wangu na si wa nyumba ile. Nilijua anajidanganya. Sikumwambia.

Halafu akaja mwalimu.

Nilikuwa nimekaa mlangoni, naye mama anapepeta maharage uani. Tulimwona akivuka pengo la uzio na masweta yake, mkononi ana mfuko wa sukari. Mama alisimama. "Mwalimu, hapo hapo panatosha. Simama hapo tuongee." Mwalimu alidhani mama anaona haya kwa sababu ya vumbi la maharage. Alitabasamu. "Mama, mgeni njoo mwenyeji apone," alisema, akapita, akaingia ndani, akakaa kwenye stuli ya marehemu baba.

Nimeshamfikiria sana mtu yule. Kwao msiba ni kukaa. Unakuja, unakaa chini na wafiwa, hata kama huna neno, na anayesimama nje ndiye mwenye kosa. Alikuwa amesikia majirani hawajafika kwetu, ikamuuma, akaja yeye. Ndiye mtu pekee aliyeniuliza, ana kwa ana, kama nilikuwa nimempa mtoto jina. Nilimwambia ndiyo. Hakuuliza ni lipi. Alikaa tu, kofia ameshika mkononi, na mimi nililia mbele yake kama mbele ya kaka yangu.

Mama alihangaika na moto. Angemwambiaje mtu aliyeketi na kukupa pole kwamba ainuke atoke? Mgeni akishakaa, chai inachemshwa, nayo ni desturi, tena ya zamani vilevile. Alimpa chai ya maziwa. Akanywa yote, akaomba nyingine.

Kutoka kwetu alikwenda moja kwa moja darasani. Somo la siku lilikuwa uraia. Akawakaripia wanafunzi wake kwa mara ya kwanza, jirani alitusimulia baadaye kwa simu. Aliwaambia: "Mimi nimetoka kwa mwenzenu sasa hivi. Nimekaa ndani, nimekunywa chai. Ninyi majirani zake hata mmoja hajafika. Huo ndio ujirani tuliousoma hapa?" Kisha mama mmoja mtu mzima akafunga daftari, akasema asante mwalimu, akatoka. Wa pili akafuata. Wakatoka wote, kwa adabu, mmoja mmoja, kila mmoja akiaga, na jirani yetu na tumbo lake akiwa amejibana ukutani ili apite mbali naye.

Mwalimu alidhani wameguswa. Alimpigia mama, sauti imejaa furaha mpaka mimi nikaisikia nilipokaa. "Mama, injika chai nyingi. Wanakuja."

Mama alikaa chini pale pale jikoni. "Mwalimu," alisema, "hawaji." Ikabidi amweleze yote, na kwamba aliyeingia kwetu na kunywa naye huogopwa kama sisi. Nikasikia mwalimu akirudia neno moja, samahani, samahani mama. Usilolijua ni kama usiku wa giza, na yule bwana alikuwa ametembea gizani kwa moyo safi kabisa.

Siku kadhaa darasa lilikuwa tupu. Mwalimu alifungua mlango, akaandika tarehe ubaoni, akakaa. Mama ndiye aliyelirudisha. Aliwapigia wanawake wale mmoja baada ya mwingine. Aliwaambia mwalimu ni mgeni, hana ukoo hapa, mambo yetu hayamshiki, na hata mzee wa kitongoji amesema hivyo. Wengine walikata simu. Mwishowe walikubali kwa masharti: darasa lifanyike nje uwanjani, penye upepo, mwalimu asikanyage tena kwetu, na mama asije. Mama alikubali masharti yote kwa sauti ya mtu anayepatana bei ya kuku. Alipokata simu ya mwisho alitoka nje, akakaa zizini na ng'ombe mpaka nikamfuata.

Mtihani ukakaribia. Mwalimu alikuwa hajakata tamaa. Alikwenda mpaka wilayani, akazungumza na mkaguzi, wakakubaliana kwamba wanafunzi wengine wakimaliza, mkaguzi na yeye wangepanda kwetu na cherehani, mama afanyiwe mtihani uani kwake. Mkaguzi alikuwa mtu wa Singida, hakuwa na shida. Mwalimu alimpigia mama akimweleza kwa haraka haraka, kama anayeogopa kukatizwa.

"Na cherehani?" mama akauliza. "Kikitoka hapa kinakwenda wapi?"

Mwalimu alisema kinarudi kwa wahitimu, kwa utaratibu.

"Wahitimu ni wale. Na ninayetumia naye kimoja ni yule mjamzito. Hapana, mwalimu. Mungu akubariki. Hapana."

Nilimrukia. Sijawahi kusema na mama kwa sauti ile. Nilimwambia mtoto wangu alikufa kwa ugonjwa wa kondo, si kwa uchafu, na kwamba chuma cha cherehani hakibebi kifo. Nilimwambia anatupa cheti chake kwa ajili ya hadithi za mababu, yeye anayesimama mkutanoni kudai choo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Najua," alisema. "Mimi najua, wewe unajua, na daktari anajua. Yule anajua? Ameshapoteza wawili. Hata huyu akimpoteza kwa malaria, atalala kila siku akifikiria cherehani. Unataka niwe mimi ndani ya kichwa chake maisha yake yote?"

Na bado nilikasirika, na sehemu yangu fulani imekasirika mpaka leo.

Jirani alisikia. Akapiga simu, akilia, akasema mama aende darasani kabisa siku ya mtihani, akae cherehani chao, yeye atabaki nyumbani, atarudia mwaka unaofuata. Mama akamwambia mwaka unaofuata utakuwa na mtoto mgongoni, utashona saa ngapi? Nenda. Walivutana hivyo siku nzima, kila mmoja akimsukumia mwenzake kile alichokitaka kuliko kitu chochote. Mama alishinda kwa kuzima simu.

Siku ya mtihani kulikuwa na jua. Kutoka shamba letu la juu unaiona shule ng'ambo ya bonde, na uwanja wake, na watu wadogo wadogo wakikaa na kuinuka. Mama alipalilia vitunguu swaumu akiwa ameipa shule mgongo. Alipalilia mpaka palipokwisha kupaliliwa. Jioni meseji ilifika kutoka kwa jirani: amefaulu, na amepewa kile kile walichokuwa wakikitumia. Mama alijibu mwenyewe. Ilimchukua muda mrefu kuandika neno hongera, na nilimwacha, sikumsaidia.

Baada ya mavuno ya maharage mimba ya jirani iliharibika. Ilikuwa imefika mbali. Alipata presha ya mimba, akawahishwa hospitalini kwa bodaboda, naye aliokolewa, mtoto hakuokolewa. Hayo ndiyo aliyoyasema daktari, na ndiyo ninayoyaamini. Kijiji kiliamini mengine. Ilisemwa kisimani, ikasemwa kwa fundi baiskeli, kwamba ni ile chai. Mwalimu alikunywa kwetu akawafundisha wale, tena jirani alikuwa anakaa mstari wa mbele kwa sababu haoni mbali vizuri. Mama alipolisikia hilo hakula siku mbili. Alikuwa amekataa kila kitu ili lisiwepo, na sasa lilikuwapo, na hakuwa na kingine cha kukataa.

Hakuna aliyemfukuza mwalimu. Wanafunzi wapya hawakujiandikisha, basi. Halmashauri ikaona darasa halina watu, fedha ikapelekwa kata nyingine, naye akahamishiwa upande wa Hanang, Gitting huko. Alikuja kutuaga. Safari hii alisimama nje ya uzio, mbali hata kuliko mchungaji, mikono ameishika nyuma kama mtoto aliyekanywa. Alimwamkia mama. Akasema yeye ndiye aliyeharibu. Mama akamwambia hapana, wewe ulikuja. Alirudia mara nyingine: wewe ulikuja. Kisha alitaka kumkaribisha chai, nikaona neno limemfika mdomoni, akalimeza. Tulisimama hivyo, pande mbili za uzio, mpaka mwalimu akasema ngoja awahi basi la Katesh.

Zamu ya jirani ya kujifungia ikawa imeanza, nayo yetu haijaisha. Sasa zilikuwa nyumba mbili zinazotazamana juu ya korongo, moshi wa hapa na moshi wa kule. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mama alipiga kila asubuhi na kila jioni, anasikia yule dada wa kwenye mtandao, anakata.

Kisha mchana mmoja nikamwona jirani akipanda kwetu kwa njia ya korongoni. Alipanda polepole, ameinama, mgongoni amebeba kitu kwa mbeleko. Nikadhani ni mtoto, nikadhani hospitali walikosea. Alipofika uzioni nikaona ni kichwa cha cherehani, amekifunga kwa kanga kama anavyofungwa mtoto, na fundo kifuani.

Hakusimama uzioni. Alipita pengo, akavuka uani, akaja mpaka mlangoni alipokuwa mama. Mama alirudi nyuma hatua moja, kwa mazoea, akainua mkono kumzuia.

"Shikamoo mama," jirani alisema. "Mimi na ninyi sasa tuko hali moja. Hakuna cha kunidhuru tena. Sasa naweza kuingia."

Sijui kama wazee wangeruhusu. Hatukuwauliza. Mama aliushusha ule mkono. Hakuwa amelia kwa ajili ya cheti, na kwa ajili ya mjukuu wake alilia mahali nisipomwona. Alimwambia jirani karibu, karibu mwanangu, akanyoosha mikono ampokee mzigo, lakini fundo lilikuwa limekazwa sana na machozi yalimzuia kuliona. Ilibidi nilifungue mimi.